Mbegu Saba za Ba

Siku ya pili baada ya Diwali, mwaka 2017, Ba alishuka ngazi peke yake. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kuzikataa ngazi zile, na kwa kawaida aliyemhitaji ndiye aliyepanda. Nilimkuta mlangoni kwangu anahema, mkono mmoja ukutani, mwingine umefumbata kitambaa chekundu.

"Mwanangu, mkono wako una baraka," alisema. "Hebu nioteshee hizi."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na mbegu saba. Nyeusi, za duara refu, kubwa kidogo kuliko mbegu za ubuyu, na ngumu hata ukiidondosha moja sakafuni inalia kama changarawe. "Kamal gatta," aliniambia. Kamal ni ua la lotasi. Wahindu huziweka mbegu hizi mbele ya Lakshmi wakati wa ibada, na huzitunga tasbihi za punje 108, kwa hiyo madukani Kisutu, jirani na mahekalu, hazikosekani. Zile saba zilikuwa zimebaki kwenye sahani yake ya sala.

Tulikuwa tumekaa jengo moja, Upanga, miaka kumi na tisa. Yeye juu, mimi chini. Jengo zima tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, hata wale waliokuwa hawajui maana yake. Alizaliwa Tanga, akaolewa Dar es Salaam, akawapoteza wazazi na mume hapa hapa. Nilimkaribisha kiti, akakaa, akalitazama beseni langu la mchicha uani, kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nisizitupe zile mbegu kabatini nikazisahau: "Nimemwomba Lakshmi miaka sabini na kitu. Kwenye picha amesimama juu ya ua hili. Ua lenyewe, likiwa hai, sijawahi kuliona."

Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayedhani anajua: "Ba, maua haya kwetu Unguja yamejaa madimbwini."

Nilikosea, na ilinichukua wiki kadhaa kujua nimekosea. Niliyoyajua mimi ni mayungiyungi, ambayo wengine huyaita matoro. Utotoni, masika yakishapita na maji yamesimama mabondeni kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju, tulikuwa tunaingia hadi magotini kuyachuma, ya buluu yenye moyo wa njano. Kikonyo chake kirefu tulikivunja kipande kushoto, kipande kulia, tukiacha uzi wa ganda usikatike, mpaka kikawa mkufu wa shanga za kijani na ua lenyewe likiwa kidani kifuani. Ua lile lina sifa zake: mwaka 1877 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Robert Caspary, aliliandika vitabuni kwa jina la Zanzibar, na watunza bustani wa Ulaya na Marekani wakalipandisha na mengine wakapata aina nyingi wanazojivunia hadi leo. Lakini si lotasi. Jani la yungiyungi lina mpasuko, kama chapati iliyomegwa mara moja, nalo hulala juu ya maji. Jani la lotasi ni duara kamili, kikonyo kimelishika katikati kwa chini kama mpini wa mwavuli, na likikomaa husimama juu ya maji hata mita nzima. Wataalamu wanasema hata undugu hakuna: ukoo wa lotasi uko karibu zaidi na miti fulani ya nchi kavu kuliko na yungiyungi linaloishi nalo dimbwi moja. Siku nilipoyajua haya nilipanda ngazi kwenda kumwomba Ba radhi. Alicheka, akanipa kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki.

Nilizitia mbegu mbili kwenye bilauri ya maji nikaiweka dirishani. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, kimya. Wiki ya tatu nilizitoa, nikazifuta, zikang'aa vilevile kama siku ya kwanza; maji hayakuwa yameingia hata tone.

Wakati ule kijana wangu alikuwa amerudi nyumbani. Alimaliza chuo kikuu mwaka uleule, na kazi hakuna. Alikuwa anaamka saa tano, anakula amesimama, anarudi chumbani. Siku moja alipita uani, akanikuta nimeishika mbegu naitazama kwenye mwanga. Akatoa simu, akasoma, akasema, "Mama, hizi hazifunguki zenyewe. Lazima uzikwangue." Akaenda kutafuta msasa.

Ganda la mbegu ya lotasi limefungwa barabara hata hewa haipenyi. Ndiyo maana inaweza kungoja. Mwaka 1995 mtafiti Jane Shen-Miller wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alieleza jinsi alivyoiotesha mbegu iliyotolewa kwenye ziwa lililokauka kaskazini mashariki mwa China, yenye umri wa miaka ipatayo 1,300. Mimi hupima umri wa vitu kwa Msikiti wa Kizimkazi, kule kwetu Unguja, ambao maandishi ya kibla chake yana tarehe inayolingana na mwaka 1107. Basi msikiti ule ulipojengwa, mbegu ile ilikuwa na miaka mia nne tayari, imelala ndani ya tope. Japani nako, mwaka 1951, Ichiro Ohga alifukua mbegu tatu huko Chiba, zikakadiriwa kuwa na miaka elfu mbili. Moja ikamea, ikachanua mwaka uliofuata. Kijana alinisomea habari hizi amekaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi tulizungumza saa nzima pasipo neno kazi kutajwa.

Msasa nao una adabu yake. Mbegu ina ncha mbili: moja imechongoka kidogo, nyingine ina kishimo, mahali iliposhikana na kikombe cha ua. Unasugua upande wa kishimo, polepole, mpaka weusi uishe na uone rangi ya maziwa yaliyogandishwa. Hapo unaacha. Ukiendelea unakata kiini. Ile ya kwanza tuliendelea. Maji yakawa meupe, baada ya siku mbili ikanuka. Ya pili tuliacha mahali pake. Asubuhi yake ilikuwa imevimba mara mbili ya ukubwa wake, na siku ya tano ikapasuka, ndani pakachungulia kitu kilichojikunja kama kidole cha mtoto, kijani kibichi. Kijani hicho hakikutoka juani. Kiini cha lotasi huwa kijani tangu kikiwa gizani ndani ya ganda; Wachina hukitoa, wakakikausha, wakakinywa kama chai, na wanasema ni kichungu sana.

Tunabadilisha maji kila siku, ya uvuguvugu, na ya bomba tunayaacha wazi usiku mmoja ili dawa itoke. Chipukizi hurefuka haraka kuliko unavyotarajia. Ndani ya wiki mbili lilikuwa limefika juu ya bilauri na kufungua jani dogo la duara, kama sarafu. Mizizi ikafuata. Nikaona sasa ndio wakati wa kulitendea wema. Nilichukua udongo, nikachanganya na samadi ya ng'ombe nusu kwa nusu, nikajaza beseni, nikapanda. Siku ya nne maji yalianza kutoa povu. Siku ya saba yalikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya choo, na lile jani la sarafu lilikuwa limeyeyuka. Samadi majini haiozi kama inavyooza shambani. Inachacha, inapasha tope joto, inakula hewa yote ya maji, na mche mchanga una akiba ndani ya mbegu yake wala haujaomba chakula cha mtu.

Zikabaki tano. Moja ilielea, na ya kuelea mara nyingi ni mfu. Nne tulizikwangua zote, zikachipua zote, na mbili zikaliwa na konokono usiku mmoja. Mbili ndizo nilizozipanda kwa namna inayofaa, na hapa nieleze, kwa sababu mtu akiniuliza leo ndiyo hayo hayo nitamwambia.

Beseni liwe la duara, pana, lisilo na tundu. Yangu yalikuwa na upana wa kiasi cha sentimita 65. Duara, kwa sababu shina la lotasi hutambaa chini ya tope likizunguka ukuta wa chombo. Likikuta pembe linakwama, ncha yake inajibana, inaoza. Udongo uwe mzito. Mchanga wetu wa Dar es Salaam haufai, na udongo laini wa kununua kwenye vifuko huelea. Niliagiza viroba viwili vya udongo wa mfinyanzi kwa mama mmoja anayefinyanga vyungu upande wa Kisarawe. Kijana aliubeba begani kutoka barabarani, akaukanda kwa miguu. Shibiri moja ya udongo, juu yake maji vidole vitatu, kisha unaongeza maji jinsi jani linavyopanda. Jua saa sita kwa siku au zaidi. Mabeseni tuliyahamisha mara mbili kuukimbia mwarobaini wa uani. Mbolea ya chumvi chumvi, ile NPK ya dukani, ni baada ya majani ya kusimama kutokea, tena punje chache zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti na kuzamishwa topeni mbali na ncha, mara moja kwa mwezi. Na ukipunguza majani yaliyonyauka, kata juu ya maji, kamwe si chini yake, maana kikonyo kina mirija ya hewa inayoshuka hadi kwenye shina, na ukikikata chini ya maji, maji yanaingia humo na kuozesha.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2018, masika yakianza, jani la kwanza la kusimama likatoka. Lilikuja limekunjwa kutoka pande mbili, kama mkeka uliokunjwa ncha zake zikutane katikati, likasimama hivyo siku mbili, kisha likafunguka polepole mchana mzima. Mvua ikanyesha. Nikamwita Ba kwa sauti, naye akatokea dirishani kwake. Matone yalikuwa yanaruka juu ya jani, yanakusanyika katikati kama zebaki, jani likielemewa linainama, linamwaga, linasimama tena likiwa kavu kabisa. Sisi watoto wa shamba tunaijua hali hiyo kwa majani ya majimbi. Wilhelm Barthlott wa Chuo Kikuu cha Bonn ndiye aliyeeleza mwaka 1997, pamoja na mwenzake Christoph Neinhuis, kwa nini uchafu haushiki pale: jani lina vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vimepakwa nta, tone linakaa juu ya ncha za vinundu bila kugusa ngozi, likibiringika linazoa vumbi. Leo kuna rangi za kuta zinazotengenezwa kwa kufuata elimu hiyo. Ba hakuniuliza sababu. Alikaa dirishani mpaka mvua ilipokatika.

Sasa nifike pale ambapo mkono wangu wenye baraka ulikosea.

Kipupwe kilipoingia, mwezi wa saba, majani ya mabeseni yote mawili yalianza kukauka. Jipya halikutoka. Wiki, mbili, tatu. Kila asubuhi nilikuwa nainama kutazama maji, na kila asubuhi, nikitoka hapo, nilikuwa nagonga mlango wa kijana: "Leo umeomba wapi? Wamekujibu? Yule rafiki yako si amepata?" Nilikuwa naona huko ndiko kumjali. Mama asiyeuliza ni mama gani?

Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia. Nilipandisha mikono ya gauni, nikaingiza mkono kwenye beseni la kwanza mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa. Shina nililikuta. Lilikuwa hai, nene kama kidole gumba, laini, limezunguka beseni karibu lote, lina nguvu kuliko nilivyodhani. Nilitaka tu kulinyanyua kidogo nilione. Ncha yake, nyeupe, iliyochongoka kama jino, ikakatika mkononi mwangu kwa sauti ndogo, kama kitunguu cha majani kinapovunjwa. Shina la lotasi hukua kwa ncha ile. Hatua yake ya mbele yote iko pale, majani na maua yajayo yako pale, na haina mfupa wala ganda. Nilikuwa nimesimama na kile kipande kiganjani, kinatoa utomvu mweupe.

Kijana alitoka, akaona tope hadi kwenye kiwiko, akakitazama kipande. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mama, hilo jingine usilifukue."

Alikuwa anasema habari ya beseni. Najua hivyo. Lakini nilikaa kwenye ngazi nikalisikia neno lile kwa masikio mengine, na nikahesabu asubuhi zote nilizogonga mlango. Miezi minane. Kila siku nilikuwa naingiza mkono kupapasa kama bado kuna uhai, na kila nilipopapasa nilikuwa nashika palepale penye ncha. Kutunza na kuchungulia nilikuwa sijavitofautisha. Anayechungulia anatafuta kujituliza mwenyewe. Anachokichungulia hakipati kitu. Beseni la kwanza lilioza ndani ya wiki tatu. Tangu siku ile sikugonga tena. Nilikuwa namwachia chai kwenye birika, na akitoka tunaongea yanayokuja. Haikuwa rahisi, na sikuwa na hakika kwamba nafanya sawa. Mara nyingi nililala nikiwaza kwamba pengine kunyamaza kwangu anakuona ni kuchoka naye.

Beseni la pili lilichipua mwezi wa tisa, joto liliporudi, jani baada ya jani.

Mengine niyapitie haraka. Vidukari vilishambulia vikonyo. Niliviosha kwa maji na vidole, maana dawa kali na sabuni huunguza lile jani lenye nta. Maji ya bomba yalipokatika siku kumi tulijazia ya kisima, na kisima chetu, kama visima vingi vya mjini karibu na bahari, kina chumvi; ncha za majani zikawa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Tukayatoa yote kwa kikombe, tukangoja mvua ya vuli. Ndugu mmoja kutoka upande wa Ruvu akaniomba kipande cha shina akakitupe kwenye lambo lake, ng'ombe wanywe penye maua. Nilimkatalia, naye alinuna. Gugu maji nalo lililetwa barani mwetu kutoka Amerika ya Kusini kwa uzuri wa ua lake, na tangu lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wamelijua kwa kufungiwa njia za mitumbwi. Mmea unaozunguka beseni la sentimita 65 kwa msimu mmoja hauachwi huru kwenye maji ya watu.

Jambo la mbu ndilo zito. Mwaka 2019 homa ya dengi ilienea Dar es Salaam, kama ilivyokuwa imeenea mwaka 2014. Jirani yetu mmoja alilazwa. Alipotoka, bado amedhoofika, alisimama uani akalionyesha beseni langu kwa kidole: "Dada, maji haya yamwagwe." Alikuwa na haki ya kusema. Mbu wa dengi haendi mbali wala hapendi madimbwi machafu. Anapenda vyombo vya majumbani, ndoo, tairi, vifuu, beseni la mtu anayependa maua. Anauma mchana. Mayai yake anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande, kwa hiyo hata kumwaga bila kusugua kuta hakutoshi.

Nilikuwa tayari kumwaga. Kijana ndiye aliyeniomba siku mbili. Alirudi na chupa ya maji yenye samaki wanane wadogo wa mapambo, wale wenye mikia ya rangi, urefu wa kucha mbili. Perege hawafai, alisema, wanafukua mizizi. Usiku ule alinionyesha kwa tochi. Viluwiluwi walikuwa wananing'inia juu ya maji vichwa chini, wakijikunja na kujikunjua. Samaki mmoja alipanda taratibu kutoka kivulini mwa jani, akasimama, akameza, akasogea, akameza. Asubuhi hapakuwa na kiluwiluwi hata mmoja. Akasugua kuta za beseni kwa brashi kila Jumamosi, juu ya mstari wa maji, mzunguko mzima. Kisha akaanza kuzunguka jengo, akipindua ndoo za watu na kutoboa matairi, nyumba kwa nyumba, na yule jirani aliyekuwa mgonjwa akawa anatembea naye. Hakuna aliyemtuma.

Mwezi wa tisa mwaka ule Ba aliondoka. Mwanawe wa kiume alikuja kumchukua wakakae wote Leicester, Uingereza, mji ambao Wahindi wengi wa Afrika Mashariki wamehamia, hasa tangu wale wa Uganda walipofukuzwa mwaka 1972. Siku ya safari alishuka ngazi kwa mara ya mwisho, ameshikwa huku na huku. Lotasi ilikuwa na majani tisa yaliyosimama, ua hakuna. Nilimwambia, "Ba, nisamehe, nimechelewa." Aligusa jani kwa vidole viwili, akalitazama tone likikimbia, akanibariki kichwani. Sikumwona akilia, ila alisahau viatu vyake vya nyumbani mlangoni kwangu.

Chipukizi la ua lilitokea mwezi wa pili mwaka 2020, katikati ya joto. Mwanzo nilidhani ni jani. Lakini jani huja limekunjwa, na hili lilikuja limefumba, kama viganja viwili vya mtu anayeomba dua, likapanda juu ya majani yote likiwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na waridi. Siku kumi na kitu lilinenepa tu. Kijana, ambaye wakati huo alikuwa anaitwa kwenye usaili wa mara ya pili, alipiga picha kila jioni. Mimi sikuligusa.

Siku ya kwanza lilifunguka alfajiri, kidogo, mdomo wa kikombe, na kabla ya adhuhuri likajifunga tena. Nilikuwa nimesoma kwamba ua hili hujipasha joto lenyewe. Roger Seymour, mtafiti wa Adelaide, Australia, alipima mwaka 1996 akakuta linajiweka kati ya nyuzi 30 na 35 hata hewa ya nje ikishuka hadi 10, ili wadudu walioingia walale mahali pa joto na kuondoka na chavua. Kwa joto la Dar es Salaam sikuweza kulihisi hilo kwa mkono. Nilichokihisi ni harufu: tamu, nyepesi, yenye ukali kidogo kwa mbali kama ya binzari mbichi, na ilikuwa inafika hadi kwenye ngazi.

Siku ya pili ndiyo siku yake. Lilifunguka lote, pana kama sahani ya wali, waridi iliyokolea nchani na nyeupe shinani, na katikati kile kikombe cha njano chenye vishimo, kama kichwa cha bomba la mvua la bafuni, vishimo ambamo mbegu hukaa. Saa tatu asubuhi kwetu, kwao saa kumi na mbili, kijana alipiga simu ya video. Mwanawe Ba alipokea akiwa na usingizi, akatembea na simu. Ba alikuwa ameshaamka, ameshaoga, amevaa sweta juu ya sari.

Alitazama bila kusema. Nilishikilia simu mpaka mkono ukaniuma.

"Ba, unaliona?"

"Naliona." Halafu akasema, "Shusha kidogo. Chini."

Nikashusha. Majani.

"Chini zaidi, mwanangu. Nataka kuona limesimama wapi."

Nikapiga goti, nikaishusha simu mpaka karibu iguse maji. Tope lilikuwa jeusi, limetulia, na shina lilionekana mahali pamoja tu, lilipopanda juu kidogo na kuzama tena. Samaki mmoja akapita. Ba alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye ua. Kwenye picha ya Lakshmi hakuna tope. Ua limechorwa peke yake.

Nilimwambia niko tayari kulikata nilipeleke hekaluni Kisutu kwa niaba yake, nilikuwa nimeshaandaa na kisu. Alitikisa kichwa.

"Usilikate. Liache limalize siku zake."

Siku ya tatu lilifunguka likiwa limepauka, na halikujifunga tena. Siku ya nne, kabla ya saa nne, petali la kwanza lilianguka, likakaa juu ya maji limejipinda kama ngalawa. Kijana alikuwa anafunga begi. Usiku ule alikuwa anapanda basi kwenda Dodoma kuanza kazi, ambayo si ile aliyoisomea. Alikuja uani na kipande cha mkate mkononi, akasimama karibu nami. Petali la pili likaanguka. Samaki walitawanyika, kisha mmoja mmoja wakarudi, wakaingia chini yake kivulini.